Kuandaa Mashapo ya Ufukwe wa Ziwa Victoria kwa Kupima Metali

Anza kwa kuchagua mahali pa kuchota mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama chini ya maji. Hapa Mwanza mimi huanzia mdomo wa Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji ukibeba maji ya barabarani, ya gereji na ya majumbani, kisha huchukua sampuli nyingine mbali na mto huo ili nipate cha kulinganishia. Vaa buti ndefu za mpira na glavu, kwa maana kichocho kipo katika maji haya.

Chota sentimita mbili za juu za tope kwa kijiko cha plastiki, kwani cha chuma huweza kuacha metali zake ndani ya sampuli. Itie katika chombo kilicholowekwa kwenye asidi ya nitriki iliyozimuliwa na kusuuzwa vizuri, andika tarehe na kina cha maji, kisha uihifadhi kwenye barafu.

Kukausha kunahitaji uangalifu, hasa kwa sisi tuliopakana na Geita, ambako wachimbaji wadogo hunasia dhahabu kwa zebaki. Zebaki hupotea kwa joto. Kwa hiyo kausha sampuli ya kupimia zebaki chini ya nyuzi 40 za Selsiasi, na utenge sehemu nyingine ya kukaushwa kwa nyuzi 105 ili kujua kiasi cha maji.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: chekecha, ubaki na chembe zilizo ndogo kuliko mikromita 63 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Metali hung'ang'ania zaidi udongo wa mfinyanzi na mabaki ya viumbe, ilhali mchanga uliomomonyoka kutoka kwenye miamba yetu ya itale hauzishiki sana. Usipochekecha, ufukwe wenye mchanga utaonekana safi na wenye tope utaonekana mchafu, hata kama uchafu unaoingia ni uleule. Pima pia alumini, inayoonyesha kiasi cha udongo wa mfinyanzi katika sampuli, kisha gawanya kiasi cha kila metali kwa kiasi cha alumini.

Usiige moja kwa moja utaratibu wa fukwe za Unguja, ambako mchanga mweupe mwingi ni kalsiamu kaboneti ya matumbawe na magamba: ukiudondoshea asidi ya kuyeyushia sampuli hutoa povu na kuimaliza asidi hiyo, na alumini yake ni kidogo mno kuwa kipimo cha kulinganishia.

Unapoyeyusha kila kundi la sampuli kwa asidi ili kulipima, pitisha pia katika hatua hizohizo chombo chenye asidi peke yake bila tope, ili uone kama kuna metali zilizotoka kwenye asidi au chombo, na uandike majibu kwa miligramu kwa kilo ya uzito mkavu.