Pikipiki ya Kwanza Ukiwa Umevuka Arobaini: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujalipa

Ukiingia dukani ukiwa na mvi mbili tatu kichwani, muuzaji wa pikipiki huchukulia kwamba umekuja kumnunulia mtu: mwanao, au kijana wa bodaboda unayetaka kumpa mkataba. Ukimwambia ni ya kwako mwenyewe, na kwamba hujawahi kuendesha, atakupeleka kwenye ile kubwa ya bei mbaya kwa sababu unaonekana una hela, au atakusogezea ileile wanayochukua vijana wa kijiweni. Huenda akapatia, lakini atakuwa amebahatisha. Vitu vya kuamulia haviko pale dukani: ni magoti yako, macho yako, na barabara ya kutoka kwako mpaka unakokwenda kila siku.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mtu wa miaka arobaini na tano au hamsini anajifunza pikipiki vizuri tu, na mara nyingi kwa utulivu kuliko kijana, kwa sababu hana wa kumringia. Asichokuwa nacho ni nafasi ya kuanguka ovyo. Kifundo cha mguu kikivunjika umri huo hakiungi haraka, na ada za watoto hazisubiri mguu. Kwa hiyo pikipiki ya kwanza naitafuta kwa swali hili: ipi itanisamehe zaidi wakati bado sijaizoea? Ile uliyoitamani tangu sekondari itakuja baadaye, ukishajua kama kweli bado unaitamani.

Kujifunza kutangulie kununua. Desturi yetu ni kinyume: mtu ananunua, anaiegesha uani, halafu anamwomba kijana wa jirani amfundishe Jumapili jioni kwenye uwanja wa shule. Kijana anaendesha vizuri, ila kufundisha ni kazi nyingine. Atakuonyesha kuondoka, atakupitisha gia ya kwanza hadi ya nne, basi, kwake somo limekwisha. Kusimama ghafla bila kuteleza, kukata kona polepole, kuangalia nyuma kabla ya kuhama upande, hayo hafundishi kwa sababu hata yeye hakumbuki aliyajuaje. Tafuta chuo cha udereva kilichosajiliwa chenye pikipiki zake, au chuo cha ufundi stadi cha VETA kama kipo karibu nawe. Siku chache za kuhangaika na pikipiki ya chuo zitakwambia kama mgongo unakubali. Mgongo ukikataa, umepoteza ada tu.

Hapohapo maliza suala la leseni. Tanzania, leseni ya gari ya daraja D haikuruhusu kuendesha pikipiki, hata uwe umeshika usukani miaka ishirini. Pikipiki ni daraja A, na chini yake kuna A1 kwa ajili ya pikipiki ndogo zenye injini isiyozidi cc 125. Kabla ya kuomba, amua kama una mpango wa kupanda hadi cc 150 au zaidi, ili uombe daraja linalokufaa. Tena usilione hili kama jambo la makaratasi tu; siku ya ajali, watu wa bima huanza kwa kuuliza leseni.

Halafu pita hospitali, hasa kwa ajili ya macho. Wengi wetu baada ya arobaini tunajua habari ya kusogeza simu mbali ndipo tuisome, na hiyo si shida sana barabarani. Shida ni usiku, taa za lori linalokuja zinapotawanyika machoni na shimo lililo mbele yako likapotea. Kama hali yako ni hiyo, amua tangu sasa kwamba pikipiki ni ya mchana. Wanaotumia dawa za presha waulize kama dawa yao inaleta kizunguzungu, na wote tukumbuke kwamba vidonge vingi vya mafua na aleji vinasinzisha. Mwenye kisukari aliyeanza kupata ganzi ya nyayo aseme mapema kwa daktari, kwa sababu kwenye pikipiki gia na breki ya nyuma viko miguuni.

Sasa tuje kwenye pikipiki yenyewe. Anza na kimo cha kiti. Panda ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea, kaa sawasawa, uone kama nyayo zote mbili zinakanyaga, angalau nusu ya mbele ya kila wayo. Dukani sakafu ni vigae na imenyooka. Nje utasimama kwenye ukingo wa lami ulioliwa, mguu wa kushoto ukiwa chini kuliko wa kulia, na kama dukani uligusa kwa ncha za vidole, pale mguu utatafuta ardhi usiione. Hapo ndipo mtu anapoinama taratibu na pikipiki yake mpaka chini, mbele ya daladala zima. Zile pikipiki ndefu za njia mbovu, zenye matairi ya meno makubwa na gurudumu la mbele la inchi 21, zinapendeza na zina kazi yake, lakini si za kuanzia kwa mtu wa kimo cha kawaida. Kiti cha Yamaha XTZ125 kiko kama sentimita 84 kutoka ardhini. Mwenye miguu mirefu na shamba Kilolo aichukue, ataifurahia. Sisi wengine tuanze chini.

Kisha shuka uisukume. Iweke gia huru, isukume hatua kadhaa, igeuze, irudishe ilipokuwa, uipandishe kwenye stendi kubwa, ile ya katikati, peke yako. Muuzaji atataka kukusaidia, mkatalie. Stendi kubwa ina ufundi: mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye chuma cha nyuma ya kiti, mguu wa kulia ukandamize stendi kwa uzito wa mwili wote huku mkono ukielekeza tu. Ukiona unanyanyua kwa kiuno, ama hujaupata ufundi au pikipiki ni nzito kwako. Nyingi za cc 100 hadi 150 zinazouzwa kwetu zina kilo mia na kidogo. Ukienda cc 250 unaongeza makumi ya kilo, na kilo hizo hazihisiki ukiwa mwendoni. Unazihisi unapogeuza kwenye changarawe au unapoitoa getini kila asubuhi.

Kwa ukubwa wa injini, cc 125 inatosha. Kwenye maeneo ya makazi mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, na hata nje ya hapo hutahitaji zaidi kwa miezi mingi. Chukua cc 150 kama unaishi penye milima, Lushoto au Mgeta, au kama baadaye utambeba mwenzi wako. Baadaye, nasema. Mwanzoni usibebe mtu, hata mtoto, hata kwa kilomita moja. Uzito wa nyuma unabadilisha kila ulichojifunza. Barabara kuu nayo isubiri. Upepo wa basi linalokupita kati ya Chalinze na Morogoro unaweza kuisogeza pikipiki nyepesi bila kukuuliza.

Hakikisha inawaka kwa swichi na kwa kiki vilevile. Kiki peke yake, kwa goti lenye umri, utaijutia siku injini itakapozima katikati ya makutano. Swichi peke yake, betri ikifa utasukuma. Uliza pia mpangilio wa gia. Kuna pikipiki ambazo gia zote unakanyaga mbele kwenda chini, na kuna ambazo ya kwanza ni chini, zilizobaki unanyanyua. Kama chuoni ulifundishwa mtindo mmoja, nunua wa mtindo huohuo. Kijana atazoea vyote viwili kwa siku moja. Wewe ukishtuka, mguu utafanya ulichozoea, na kukosea gia kwenye mteremko si jambo dogo.

Skuta zisizo na klachi, ambazo Zanzibar utaziona kila kona pamoja na Vespa za zamani, ni jibu zuri kwa mtu wa mjini, na kwa akina mama wanaovaa gauni au dera ni rahisi kupanda. Kasoro yake ni magurudumu madogo. Shimo ambalo gurudumu la inchi 17 linalivuka kwa kishindo, gurudumu la inchi 10 linaingia. Kama mtaa wenu una lami, sawa. Kama una mchanga na makorongo, achana nayo.

Breki nataka nizikalie kidogo. Vijiweni utasikia kwamba breki ya mbele inaangusha, na kuna wanaoilegeza kabisa wasije wakaishika kwa bahati mbaya. Imani hiyo imetokana na kweli nusu: ukiibana kwa pupa juu ya mchanga, au usukani ukiwa umekunjwa, utaanguka. Lakini pikipiki inapopunguza mwendo uzito mwingi unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, na breki ya mguu peke yake inalifunga tu na kulifanya liserereke. Anayekusimamisha ni gurudumu la mbele, kwa kukamuliwa taratibu kisha kwa nguvu zaidi. Sisi tuliotoka kwenye gari tuna tatizo la ziada, kwani mguu wa kulia umezoea kumaliza kila kitu wenyewe. Kwa hiyo chagua yenye breki ya diski mbele, na kama mfuko unaruhusu, yenye ABS, ambayo huzuia gurudumu lisifunge. Halafu zifanyie mazoezi kwenye uwanja mkavu mpaka mkono uanze kabla ya mguu.

Kuhusu chapa nitakuwa mfupi: nunua wanayotumia bodaboda wa eneo lako. Boxer, TVS, Honda, vyovyote itakavyokuwa. Si kwa sababu ndiyo bora duniani, ni kwa sababu fundi wa pale kona anaijua akiwa amefumba macho, spea zake ziko duka la jirani, na siku ukitaka kuiuza haitakaa.

Kama unanunua iliyotumika, jua kwamba nyingi zimetoka kwenye bodaboda, na kilomita za kwenye saa hazina maana waya wake ukishachomolewa. Fika asubuhi bila kutoa taarifa mapema mno, na kabla haijawashwa weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, mwenye nayo ameiwasha kabla yako, labda anaficha ugumu wa kuwaka. Ipandishe stendi kubwa, mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, uzungushe usukani kushoto na kulia polepole. Ukihisi kama unakwama kidogo katikati, bolingi za shingo zimekwisha. Tazama shokapu za mbele kama zinavuja. Tairi lina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, na jina kwenye kadi na kitambulisho cha anayekuuzia. Akisema ni ya shemeji yake, shemeji aje. Pikipiki za mkataba zipo nyingi, na anayeziendesha bado si mwenye mali mpaka amalize marejesho. Ukinunua kwake umenunua kesi. Umiliki uhamishwe TRA, mamlaka ya mapato, hapohapo. Stika ya bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ukikumbuka kuwa bima ndogo inamlipa uliyemgonga, haikulipi wewe.

Fedha ya pikipiki yote usiimalize kwenye pikipiki. Tenga ya helmeti, koti lenye mikono mirefu, glavu na viatu vinavyofunika vifundo. Tafiti zilizojumlishwa, ambazo Shirika la Afya Duniani limezitumia, zinaonyesha helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia kama 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia kama 69, ila helmeti yenyewe iwe helmeti. Bonyeza ndani kwa dole gumba. Chini ya kitambaa lazima kuwe na povu gumu, kama lile la kufungashia televisheni. Ukikuta plastiki tupu na sponji, hiyo ni kofia ya kumpitia trafiki. Ivae na miwani yako kama unavaa miwani. Funga mkanda, kisha jaribu kuivua kwa kuivuta kutoka kisogoni kuja mbele. Ikitoka, si saizi yako. Ikishapigwa chini kwenye ajali hata mara moja haifai tena, ndiyo maana ya mtumba usiiguse.

Oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Ukishalipa, utatamani kuiendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Kama duka liko Kariakoo na wewe unaishi Mbagala, mlipe bodaboda unayemwamini aipeleke, mpe na helmeti, wewe panda daladala umfuate.