Pampu ya tangi kwa Raspberry Pi: achana na /sys/class/gpio, tumia libgpiod

Mafunzo mengi ya pini (GPIO) za Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, bado yanakwambia uandike namba ya pini, mfano 17, kwenye /sys/class/gpio/export. Njia hiyo ilitangazwa ya kuachwa tangu Linux 4.8, mwaka 2016. Kijana mmoja wa Chumbageni, Tanga, aliyetaka pampu ijiwashe tangi la nyumbani likipungua aliifuata, akajibiwa "Invalid argument", akaniletea bodi: "Mjomba, hii imeungua." Haikuungua. Kwenye keneli (kiini cha Linux) 6.6 hesabu ya pini kwa njia ile inaanzia 512, kwa hiyo 17 yake ni 529. Usiikariri hiyo namba, inabadilika. Hamia libgpiod, maktaba ya sasa ya kuendesha pini, yenye amri zake za terminali.

1. Sakinisha

sudo apt install gpiod

2. Tafuta chipu inayosimamia pini zako

gpiodetect

Kwenye Pi 4 tafuta pinctrl-bcm2711, kwenye Pi 5 pinctrl-rp1. Pi 5 yenye keneli ya zamani huiita gpiochip4, mpya gpiochip0. Soma jina la chipu, usibahatishe namba.

3. Unga waya

Rilei (swichi ya kuwashia pampu inayoendeshwa na pini) kwenye GPIO17 (pini ya 11 ukihesabu kwenye bodi), boya (swichi inayoelea majini) kati ya GPIO27 (pini ya 13) na grauni (pini ya GND). Pini hizi ni za volti 3.3, ukizipa 5 unaziua. Upande wa volti 230 mwachie fundi umeme, na pampu kubwa iwekewe kontakta, yaani rilei ya umeme mkubwa. Kwa nyumba za karibu na bahari kama Raskazone, waya za jampa ni za kujaribia mezani tu. Chumvi ya hewani inazila, kwa hiyo viungo vilehemu.

4. Soma boya

gpioget --bias=pull-up -c gpiochip0 27

Boya likifunga saketi utaona inactive, likiachia active. Toleo la 1 la libgpiod halina -c (andika gpiochip0 27 tu) na linajibu 0 au 1.

5. Washa rilei

Hapa ndipo usiku wa watu unapoishia, kwa hiyo soma taratibu.

Kwanza angalia toleo: gpioset --version. Raspberry Pi OS toleo la Bookworm ina 1.6, lile jipya zaidi la Trixie ina 2. Amri zake hazifanani, na mafunzo mengi hayasemi yameandikiwa lipi.

Toleo la 2:

gpioset -l -c gpiochip0 17=1

Terminali itaganda. Haijakwama: programu imeishika pini, na itaishika mpaka uikatishe kwa Ctrl+C. Toleo la 1 kwa kawaida huweka thamani na kuondoka papo hapo. Ukitaka lishike, andika:

gpioset --mode=signal -l gpiochip0 17=1

Kwa nini kushika kuna maana? Kwa sababu programu ikishaiachia pini, hakuna dhamana ya hali itakayobaki nayo. Bodi moja itaacha rilei imewaka, nyingine itaizima, na ukisasisha keneli tabia inaweza kugeuka. Usijenge pampu juu ya bahati. Programu moja ishike pini muda wote, iendeshwe na systemd, msimamizi wa programu wa Linux, ili ikifa ifufuliwe.

Ukijibiwa "Device or resource busy", kuna programu nyingine imeishika. Endesha gpioinfo uone jina lake. Mimi kosa hili nalipenda: njia ya zamani iliruhusu programu mbili kugombania pini moja kimyakimya.

Na ile -l? Rilei nyingi za bei nafuu huwaka volti ya pini ikishuka, si ikipanda. Kwa -l, 1 inakuwa na maana ya "washa", nawe huhesabu kinyume kichwani. Rilei ikikataa kuzima kabisa, huenda moduli yake inataka volti 5 kwenye ishara. Nunua ya 3.3, usihangaike na rezista.

6. Fuatilia boya

gpiomon --bias=pull-up --debounce-period=100ms -c gpiochip0 27

Maji yakimwagika tangini boya linatikisika, na bila --debounce-period, inayosubiri boya litulie kwa 100ms, pampu itawaka na kuzima kama taa ya disko. Chaguo hilo halimo kwenye gpiomon ya 1.6, huko chuja mwenyewe ndani ya programu. Ukihamia Python, maktaba ni gpiod. RPi.GPIO usiiguse kwenye Pi 5, haiijui chipu ya RP1.