Zima taa kwanza: jinsi ya kuikagua kibodi ya gemu kwa vidole na masikio

Kibodi ya gemu ikiwashwa taa zake zote, jicho hulewa. Rangi zinapita kama wimbi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na katika hali hiyo ni vigumu kugundua kwamba Enter inacheza kama jino linalotaka kung'oka. Nimefungua kibodi nyingi kuzitengeneza, na mara nyingi ubovu nilioukuta haukuhusu taa hata kidogo. Ilikuwa stabilaiza (waya unaosawazisha vitufe virefu) iliyochomoka, kofia ya kitufe iliyopasuka shina, au kebo iliyolegea pale inapoingia kwenye mwili. Ndiyo maana ukaguzi wangu huanzia gizani, na taa huziacha hadi karibu na mwisho.

Tenga kama nusu saa. Uwe na kibano cha waya cha kung'olea kofia, simu yenye kamera, kompyuta, na sarafu kadhaa za aina moja unazojua uzito wake.

Hatua ya 1: Ishike kabla ya kuichomeka

Shika kibodi kwa mikono miwili, mkono kila ncha, kisha ipinde kidogo kama mtu anayekamua nguo, ila kwa upole. Mwili mzuri utakataa kupinda, au utapinda kidogo bila kelele. Ukisikia mlio wa plastiki kusuguana, maganda mawili ya juu na chini hayakushikana vizuri. Sauti hiyo utaisikia tena kila utakapogandamiza kwa nguvu katikati ya mchezo.

Sasa iweke juu ya meza iliyonyooka, au bora zaidi juu ya kioo, na ugonge pembe zake nne moja baada ya nyingine. Kibodi inayotikisika imepinda tangu kiwandani. Fungua miguu ya nyuma uisukume kibodi mbele kwa viganja: miguu isijikunje yenyewe, na mipira ya chini ishike meza. Angalia kama miguu yenyewe ina mpira kwenye ncha. Watengenezaji wengi hubandika mpira chini ya mwili na kuiacha miguu plastiki tupu, kwa hiyo kibodi huanza kuteleza mara tu unapoiinua.

Uzito unasaidia lakini usiuamini peke yake. Bamba la chuma chini ya vitufe huongeza uzito na ugumu kweli, lakini pia kuna kibodi zinazofungwa kipande cha chuma ndani ili zionekane imara mkononi. Gandamiza katikati, kati ya G na H, kwa kidole gumba. Bamba likishuka kama godoro, uzito ule haukufanya kazi yake.

Hatua ya 2: Ng'oa kofia moja ujue unashughulika na nini

Ng'oa kofia ya herufi yoyote kwa kibano cha waya, ukivuta wima. Usitumie bisibisi, maana huvunja shina.

Ukiona kijiti cha plastiki kinachoshuka juu ya kuba la mpira, hiyo ni kibodi ya utando, hata kama sanduku lake linajisifu kuwa na hisia za kimakanika. Maneno hayo huandikwa juu ya kibodi za mpira kwa sababu kibodi ya kimakanika haina haja ya kuyasema. Si lazima iwe mbaya, ila isikuuzie hadithi. Ukiona kisanduku kidogo chenye msalaba wa plastiki katikati, kwa kawaida hiyo ni swichi (kifaa kinachohisi mbonyezo wa kitufe) ya kimakanika, ya mwanga, au ya sumaku. Umbo hilo la msalaba lilienezwa na swichi za MX za kampuni ya Cherry, na nyingine kama Gateron, Kailh na Outemu zimelifuata.

Rangi ya msalaba inakupa dokezo tu. Kwa Cherry, nyekundu hushuka moja kwa moja bila kikwazo na huhitaji nguvu ya takriban sentinyutoni 45. Kahawia ina kigingi kidogo njiani, yaani mahali kidole kinapohisi kukwama kidogo, na bluu ina kigingi pamoja na mlio wa "klik". Nje ya Cherry, kila kampuni ina kamusi yake ya rangi. Swichi ya kijani ya Razer na ile ya kijani ya Cherry zote hulia, lakini ya Cherry ni nzito zaidi sana. Kwa hiyo soma namba, usisome rangi.

Namba zenyewe ni mbili za muhimu: kina chote cha kushuka, na kina ambacho herufi inatumwa. Kwa MX nyekundu ni milimita 4 na milimita 2. Ile ya fedha inayoitwa Speed hutuma kwenye milimita 1.2 tu. Ni ya haraka, lakini kidole kikipumzika juu yake vibaya utarusha bomu ambalo hukukusudia. Swichi za sumaku hukuruhusu kubadilisha kina hicho kwa programu, jambo zuri kwa anayecheza jioni na kuandika asubuhi.

Hatua ya 3: Sikiliza swichi kwa ncha ya kidole

Hapa usiwe na haraka. Rudisha kofia, kisha bonyeza kitufe polepole sana, kwa nguvu ndogo kabisa inayotosha kukishusha, na safari hii ubonyeze pembeni mwa kofia badala ya katikati. Ukibonyeza kwa kasi, ukwaruzo haujitokezi. Ukibonyeza polepole utahisi kama kuna mchanga ndani ya swichi, ikiwa upo. Ukwaruzo kidogo ni wa kawaida kwa swichi kavu na hupungua kwa matumizi. Kinachoniudhi ni tofauti: D laini kama siagi na F jirani yake inakwaruza. Hiyo ni dalili ya kiwanda kisichopanga ubora wa swichi zake.

Kisha fanya jaribio la sarafu. Chomeka kibodi, fungua ukurasa wa kuandikia, na panga sarafu juu ya kitufe moja moja hadi herufi itokee. Zidisha idadi kwa uzito wa sarafu moja. Sentinyutoni 45 ni karibu gramu 46, kwa hiyo unaweza kulinganisha na kilichoandikwa kwenye sanduku. Kwa swichi yenye kigingi utapata namba ya kushinda kigingi, ambayo ni kubwa kuliko ile ya kutuma herufi. Rudia kwa A, G, L na P. Nikipata tofauti ya sarafu moja naridhika. Zikiwa tatu, kibodi hiyo siiweki mezani kwangu, kwa sababu kidole kidogo cha kushoto ndicho kitakacholipa gharama.

Malizia kwa kubonyeza kila kitufe mara 20 huku ukihesabu herufi. Ikitokea 21, chuma cha ndani ya swichi kinarukaruka kinapogusana, na kompyuta inaona mibonyezo miwili. Niliwahi kupuuza "n" moja iliyojirudia kwenye kibodi mpya, nikidhani ni kidole changu. Baada ya mwezi kila sentensi niliyoandika ilikuwa na n mbili, na muda wa kuirudisha dukani ulikuwa umekwisha.

Hatua ya 4: Vitufe virefu ndivyo vinavyosema ukweli

Kama una dakika tano tu, zitumie hapa.

Kitufe cha spesi kwenye kibodi nyingi za ukubwa kamili kina upana wa vitufe 6.25, na kwa kuwa umbali kutoka kitovu cha kitufe hadi cha jirani yake ni milimita 19.05, hiyo ni karibu milimita 119. Kitu kirefu hivyo kinakaa juu ya swichi moja katikati. Bila msaada, ukibonyeza ncha ya kushoto, ya kulia ingeinuka. Msaada huo ni stabilaiza: waya uliokunjwa unaounganisha vijiti viwili ili pande zote zishuke pamoja. Enter, Backspace na Shift ndefu kwa kawaida zina stabilaiza pia.

Bonyeza spesi katikati, kisha ncha ya kushoto, kisha ya kulia. Rudia ukiwa umefumba macho. Sauti na uzito vinapaswa kufanana, au vikaribiane sana. Kisha gusagusa kitufe kwa wepesi bila kukishusha: mlio kama wa sarafu mfukoni ni waya unaotikisika ndani ya plastiki. Kitufe kinachoshuka upande mmoja kabla ya mwingine kina waya uliopinda.

Habari njema ni kwamba kutikisika kunatibika. Grisi ya silikoni kidogo kwenye ncha za waya hutuliza kelele nyingi. Waya uliopinda nao unanyooshwa: uchomoe, uulaze juu ya kioo, uone ni pembe ipi inayoinuka, kisha uirudishe kwa koleo polepole. Lakini stabilaiza ambayo kijiti chake kimelegea ndani ya nyumba yake haina dawa, ibadilishe. Kabla ya kununua, angalia kama stabilaiza zimeshikwa kwenye ubao wa saketi kwa skrubu au zimebanwa kwenye bamba tu. Zile za skrubu hutulia zaidi.

Hatua ya 5: Kofia, ndani na nje

Geuza ile kofia uliyoing'oa. Ukiona plastiki nyeupe inayopitisha mwanga ndani yote, na weusi uko nje tu, hiyo ni kofia iliyopakwa rangi, kisha herufi ikachongwa kwa leza. Itaonekana nzuri kwa miezi ya mwanzo. Baadaye rangi huliwa pale kidole kinapogusa zaidi, na mwanga huanza kuvuja pembeni mwa W na A. Ukiona plastiki mbili zilizoungana, nyeusi na nyeupe, na nyeupe ndiyo inayounda herufi, hiyo imemiminwa mara mbili. Herufi yake haifutiki kwa sababu haikuchorwa juu.

Plastiki za kawaida ni ABS na PBT. ABS hupata mng'ao wa mafuta upesi, PBT hubaki na ukavu wake kwa muda mrefu. Unene nao una maana: kofia ya karibu milimita 1.5 hutoa sauti nzito iliyojaa, na nyembamba hulia kama kikombe cha plastiki. Chunguza msalaba wa chini kama una ufa. Ufa mdogo leo ni kofia itakayoruka siku ya mchezo mgumu.

Hatua ya 6: Vitufe vingi kwa pamoja

Shikilia Shift zote mbili, kisha pitia herufi zote za alfabeti. Herufi zisizoandikwa ni zile ambazo saketi haiwezi kuzitofautisha. Kibodi za utando za bei ndogo hushindwa sana hapa. Kisha jaribu mseto wako halisi wa mchezo: Shift, W, A na spesi, halafu ongeza R. Kibodi nzuri ya gemu haipotezi chochote.

Kuhusu kasi, inatosha kujua kwamba kibodi ya hezi 1000 inawasiliana na kompyuta kila milisekunde 1, na ya hezi 125 kila milisekunde 8.

Hatua ya 7: Sasa washa taa

Zima taa za chumba. Weka kibodi nzima kwenye rangi nyeupe, mwanga wa juu kabisa. Nyeupe ndiyo mtihani mgumu, kwa kuwa taa nyekundu, kijani na bluu zote zinawaka pamoja na kutumia umeme mwingi. Tafuta kitufe chenye uwaridi au ubuluu kuliko wenzake, na safu ambayo mwanga wake unafifia. Kama kibodi haina nyeupe kabisa, na kila safu ina rangi yake isiyobadilika, basi umepewa taa za rangi moja zilizopangwa zifanane na upinde wa mvua.

Tazama vitufe vyenye alama mbili. Taa ikikaa upande wa juu wa swichi, alama za juu hung'aa na za chini hubaki gizani. Ikikaa upande wa chini, huwa kinyume chake. Kisha shusha mwanga hadi nusu na uitazame kibodi kupitia kamera ya simu kwenye mwendo wa polepole. Ukiona mikanda inayopepesa, taa zinapunguzwa kwa kuwashwa na kuzimwa haraka haraka. Wengi hawalihisi jambo hili, lakini kama wewe huumwa kichwa ukicheza gizani, lipe uzito.

Mwisho, chomoa kebo uichomeke tena bila kufungua programu yoyote. Kibodi inayokumbuka mpangilio wake ina kumbukumbu ndani yake. Isiyokumbuka itakulazimu kutegemea programu yake kila unapohamia kompyuta nyingine.

Hatua ya 8: Saa moja ya kweli

Cheza nusu saa, andika nusu saa. Baada ya hapo rudia Hatua ya 4 na kuhesabu mibonyezo 20 ya Hatua ya 3. Rekodi kwa simu sauti ya spesi na Enter, kisha uihifadhi. Siku mbili kabla ya muda wa kurudisha kuisha, rekodi tena kutoka umbali uleule na usikilize zote mbili kwa visikizi.