Jinsi ya Kuomba Leseni ya Kupima Mzigo wa Akili wa Wahadhiri Nchini Kenya

Usiingie idarani na dodoso mkononi ukidhani utaeleza mbele kwa mbele. Kenya, utafiti wa namna hii unahitaji leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, na kabla ya leseni kuna kamati ya maadili.

Kwanza andika pendekezo, na kipimo kikae sawa. Wengi hutumia NASA-TLX, kipimo cha mzigo wa kazi kilichochapishwa na Sandra Hart na Lowell Staveland mwaka 1988. Kina vipengele sita: kazi ya akili, kazi ya mwili, shinikizo la muda, ufanisi, juhudi na kero. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 100. Usimwulize mhadhiri kama kazi yake ni nzito, jibu unalijua. Taja kazi moja, kama kusahihisha rundo la karatasi za mtihani, kisha mpe fomu anapofunga karatasi ya mwisho, kabla hajanywa chai. Mweleze pia kwamba kwenye ufanisi alama ya chini ndiyo nzuri, la sivyo atajibu kinyume.

Pendekezo, dodoso na fomu ya ridhaa vinakwenda kwa kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI. Hapa tulia, maana watu wanakukabidhi uchovu wao. Ukiandika "mwanamke, mhadhiri mwandamizi, Jiografia" na idara ina wanawake wawili tu wa cheo hicho, umeshamtaja jina. Punguza maswali ya utambulisho. Mkuu wa idara asikusanye fomu hata kama amejitolea kwa moyo safi: mwenye mkataba wa muda hatakiri kwake kwamba ameelemewa.

Ukishapata cheti cha maadili, fungua akaunti kwenye mfumo wa NACOSTI mtandaoni, pakia pendekezo, cheti hicho, barua ya utambulisho ya chuo chako, kitambulisho na picha, kisha ulipe ada. Leseni ni yako peke yako, haihamishwi.

Kabla ya kuanza, peleka nakala ya leseni kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na ofisi ya gavana, kisha uombe ruhusa ya kila chuo unachokwenda. Ukimaliza, una mwaka mmoja kuwasilisha ripoti NACOSTI. Wapelekee na wahadhiri nakala yao ya ripoti, wao ndio waliokupa muda ambao hawakuwa nao.