Unyevu kwanza, mapazia baadaye

Ukitaka kuuza nyumba hapa Nairobi, usikimbilie mapazia mapya. Anza na ukuta wenye unyevu, hasa baada ya mvua za Machi hadi Mei. Tafadhali usipake rangi juu ya doa. Litarudi, na mnunuzi atajiuliza umeficha nini kingine. Tafuta panapovuja, paa au bomba, paziba, acha ukuta ukauke kabisa, kwangua, ndipo upake nyeupe au krimu.

Kisha punguza makochi sebuleni. Zile seti kubwa tunazozipenda humeza chumba chote. Mgeni anaona viti, haoni nafasi.

Na hakikisha tangi lina maji. Nimeona wanunuzi wakifungua mfereji kabla hata ya kuuliza bei.