Jinsi ya kupeleka listi ya wateja kwenye mifumo ya matangazo, na wapi huwa inaharibika

Watu wengi wakishaunganisha akaunti wanadhani kazi imeisha, kumbe kubofya kitufe cha kupakia faili ndo sehemu rahisi kuliko zote. Kazi yenyewe iko kabla ya hapo, kwenye kuamua nani aingie na nani asiingie, afu kusafisha hizo imeili na namba za simu. Hapa naongelea kutoa wateja kwenye datibezi yako na kuwapeleka Google Ads, ambako wanaita Customer Match, au Meta, wenye Facebook na Instagram, ambako wanaita Custom Audiences. Mifumo mingine nayo haiko mbali sana na hiyo.

Kwanza uelewe inavyofanya kazi. Imeili ya mteja inapitishwa kwenye SHA-256, kanuni ya hesabu ya kugeuza maandishi kuwa msimbo, inatoka heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64, na wao wana imeili za watumiaji wao walizozipitisha njia hiyohiyo, wanalinganisha, zikifanana mtu kapatikana. Herufi moja ikipishana, hata nafasi tupu tu mwishoni, heshi inatoka tofauti kabisa na huyo mteja ndo kapotea hivyo, na hakuna atakayekuambia ni nani, utaona tu listi imetoka ndogo.

Anza na ruhusa. Weka kolamu ya kuonyesha mteja alikubali data yake itumike kwenye matangazo, alikubali lini na wapi, na asiyekuwa na hiyo usimtume. Kukubali kupokea risiti kwa imeili sio kukubali matangazo, hivyo ni vitu viwili. Listi za kununua achana nazo, Google wanataka data uliyoikusanya wewe mwenyewe, na kwa wateja walioko kwenye eneo la uchumi la Ulaya tangu Machi 2024 wanataka pia utume alama ya ridhaa pamoja na data. Na usidanganyike kwamba ukishahashi mtu hajulikani tena, manake namba za simu hazina mchanganyiko mkubwa kivile, kompyuta inaweza kuzijaribu zote mpaka ipate iliyozaa heshi fulani. Kwahiyo faili la heshi lilinde kama unavyolinda faili la namba zenyewe.

Sasa usafi, na hapa usiwe na haraka. Imeili zote ziwe herufi ndogo, nafasi za mbele na nyuma zitoke. Kwa Google kuna la ziada, anwani za gmail.com unatoa nukta zote zilizo kabla ya alama ya @. Majina nayo herufi ndogo, bila vyeo wala alama.

Simu ndo balaa. Sifuri ya mwanzo inatoka, namba ya nchi inaingia, mabano na vistari vyote vinatoka. Ila Google wanataka alama ya kujumlisha ibaki mbele, Meta wanataka tarakimu tupu bila hiyo alama, na kwa kuwa heshi haisamehi, simu moja ya mtu mmoja inazaa heshi mbili tofauti kabisa. Ukitengeneza kolamu moja ukaituma pande zote, upande mmoja simu zako zote zitagonga ukuta. Tengeneza kolamu mbili, usibane matumizi hapo. Nchi na posta kodi pia zina mambo yao, Google wanataka uziache kama zilivyo bila kuhashi, Meta wanataka zihashiwe, nchi ikiwa herufi mbili ndogo.

Tena faili la simu usilifungue kwenye Excel kwa kulibofya mara mbili ukalisevu. Itakula sifuri za mbele na namba ndefu itazigeuza kuwa kitu kama 2.5E+11, na ukishasevu CSV (faili la maandishi tupu lenye kolamu zilizotenganishwa kwa koma) hivyo namba halisi hairudi. Kama lazima utumie spredishiti basi ingiza hiyo kolamu kama maandishi tangu mwanzo.

Usiongeze chumvi kwenye heshi, yaani maandishi ya siri ya ziada yanayochanganywa na data kabla ya kuhashi. Mtu wa usalama wa mifumo atakwambia kuhashi bila chumvi ni udhaifu, na kwa nywila yuko sahihi kabisa, lakini hapa upande wa pili hawana hiyo chumvi yako kwahiyo hakuna kitakachofanana. Pia ukipakia kwa mkono mifumo hii inaweza kukuhashia yenyewe, ila usiwape kitu kilichohashiwa nusu, na usihashi mara mbili.

Kipimo kimoja cha haraka kabla ya kutuma, tafuta kwenye faili heshi inayoanza na e3b0c442. Hiyo ni heshi ya maandishi matupu. Ukiiona imejirudiarudia basi umehashi seli ambazo hazina kitu, zirudishe ziwe tupu. Yaani kitu kidogo sana lakini kinaonyesha mapema kama mtambo wako unasafisha vizuri ama la.

Njia ya kutuma inategemea listi inabadilika kwa kasi gani. Kampeni ya mara moja pakia CSV kwa mkono, imeisha hiyo. Listi inayobadilika kila siku tumia muunganisho wa CRM yako (programu ya kutunza taarifa za wateja) kama upo, au API (njia ya programu kutumiana data zenyewe), na Meta kwa API wanapokea watu hadi 10,000 kwa ombi moja kwahiyo igawe mafungu. Anza na fungu dogo uone linapokelewa ndo umwage yote. Google inaweza kuchukua hadi saa 48 kuchakata, kwahiyo usianze kufutafuta na kupakia upya baada ya dakika kumi eti haioni kitu.

Watu wanafikiria kuingiza tu, kutoa wanasahau. Mteja aliyenunua jana bado anasukumiwa tangazo la bidhaa ileile, aliyejitoa bado yumo. Kwahiyo kila sinki, yaani kila unapooanisha listi yako na mfumo wa matangazo, iwe na sehemu mbili, wanaoingia na wanaotoka, na aliyeondoa ruhusa atoke kwenye mifumo yote uliyomtuma, sio kwenye datibezi yako peke yake. Weka rekodi ya nani alitumwa wapi, bila hiyo utamtoaje? Google tangu Aprili 2025 hawaruhusu mtu akae kwenye listi zaidi ya siku 540 bila kutumwa upya, lakini hiyo isikufanye ubweteke, aliyejitoa hawezi kusubiri siku zote hizo.

Kwa maoni yangu matumizi bora ya hizi listi ni kuzuia, yaani kuwatoa wateja ulio nao kwenye kampeni ya kutafuta wapya, hapo hela inaokolewa mara moja na hata kama nusu tu ya listi imepatikana bado una faida. Ukitaka watu wanaofanana na wateja wako, Meta wanahitaji chanzo chenye angalau watu 100 wa nchi moja, na weka wale walionunua zaidi ya mara moja, sio kila aliyewahi kujaza fomu. Kiwango cha waliopatikana kikishuka ghafla kutoka sinki moja hadi nyingine, kabla hujalaumu mfumo nenda kaangalie kolamu ya simu.