Don wa Amitabh na Don wa Shah Rukh: namna ya kulinganisha waigizaji waliovaa uhusika mmoja

Wateja wanaokuja kuwekewa muvi kwangu hapa Kirumba huuliza wakiwa na flashi mkononi: Don mkali ni yupi, wa zamani au wa sasa? Wanataka jibu la neno moja na mimi silitoi. Naona ni dhuluma kwa waigizaji wote wawili. Swali hili mtu anaweza kulifanyia kazi mwenyewe, kwa simu yake na jioni mbili tatu, na akimaliza atakuwa ameona mambo ambayo alipitiwa nayo miaka yote. Nitaeleza ninavyofanya mimi, kwa kumtumia huyohuyo Don, kisha nitamgusa James Bond kwa ajili ya wanaompenda.

Don wa kwanza, wa filamu ya Kihindi yenye jina hilohilo, ni wa mwaka 1978. Muongozaji ni Chandra Barot, hadithi imeandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, steringi ni Amitabh Bachchan. Wa pili ni wa 2006, ameongoza Farhan Akhtar, mtoto wa huyo Javed, na steringi ni Shah Rukh Khan. Kisa chenyewe wengi mnakijua: Don ni mkubwa wa genge, anafia mikononi mwa polisi, na afisa mmoja anaificha habari ya kifo. Anamtafuta Vijay, mtu wa hali ya chini anayefanana na Don kama pacha, anamfundisha kuongea na kutembea kama Don, kisha anamwingiza kwenye genge. Kwa hiyo kila mwigizaji hapa ana watu wawili wa kubeba, na ndiyo maana naipenda jozi hii kuliko nyingine zote. Kama hujaitazama ya 2006, iache makala hii mpaka uitazame, maana huko mbele nitataja mwisho wake.

Jambo la kwanza, tafuta nakala ambayo haijatafsiriwa. Najua hili linauma. Wengi wetu Mwanza tumezijua muvi za Kihindi kupitia watafsiri, kwenye vibanda umiza, na mtafsiri mzuri ni msanii kamili: anaongeza utani, anawapeleka majambazi Mabatini na Igogo, anamfanya adui aongee kama mpiga debe wa Buzuruga. Lakini sauti yake imekaa juu ya sauti ya mwigizaji. Ukiwalinganisha Amitabh na Shah Rukh katika nakala za mtafsiri mmoja, masikio yako yanamsikia mtu yuleyule mara mbili. Sauti ya Amitabh, ile nzito inayotoka chini kabisa kifuani, ni nusu ya Don wake. Ukiikosa hiyo umekosa nusu ya ushahidi. Chukua nakala yenye sauti ya asili, hata kama Kihindi hukielewi, na uvae hedifoni, hasa kama jirani amewasha jenereta.

Halafu ondoa vitu ambavyo si vya mwigizaji. Hapa ndipo mabishano mengi hupotea. Mtu anasema Shah Rukh ni mkali kwa sababu muvi yake imepigwa Kuala Lumpur, kuna maghorofa na magari na suti zinazong'aa. Huyo anamsifia mpiga picha na fundi wa mavazi. Mwingine anasema Amitabh ni mkali kwa sababu ya ule wimbo wa tambuu la Banaras. Wimbo ule ameuimba Kishore Kumar, na ule wa 2006 ameuimba Udit Narayan. Waigizaji wamefungua midomo tu. Cha kwao pale ni mwili: mabega, miguu, namna taya linavyotafuna. Wa tatu anakuja na habari za ipi ilijaza watu. Sisi tuliokulia Usukumani tunazijua ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu, ambako aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa ngoma sheria hiyo inafaa, kwa sababu kuvuta watu ndiyo kazi yenyewe ya manju. Kwenye uigizaji, umati umevutwa pia na bango, na nyimbo, na jina la mtu tangu muvi zake za nyuma. Huwezi kumhesabia mwigizaji yote hayo kwenye sini moja.

Baada ya kupunguza, chagua sini moja ambayo wote wawili wameicheza. Usilinganishe filamu nzima na filamu nzima. Ni kubwa mno, utaishia kusema "nimeipenda". Mimi huchagua ile ya Kamini hotelini. Mchumba wa Kamini ameuawa na Don kwa kutaka kutoka kwenye genge. Kamini anakuja kulipa kisasi: anamchezea Don, anaita polisi, na kwa siri ametoa risasi zote kwenye bastola yake. Don anagundua kuwa ametegwa. Anamshika Kamini, anamwekea bastola tupu, na kumweleza kuwa wao wawili wanajua haina kitu, ila polisi walio nje hawajui. Mantiki hiyo ipo katika filamu zote mbili karibu neno kwa neno. Ukiona tofauti, basi tofauti hiyo imeletwa na mtu aliyesimama pale.

Itazame sini hiyo mara ya kwanza bila sauti kabisa. Mara ya pili sikiliza tu, skrini umeifunika na kiganja. Mara ya tatu ndiyo uweke vyote pamoja. Kila mara andika kwenye daftari ulichokiona, si ulichokipenda: macho yako wapi wakati wa kumsikiliza mwenzake, mikono inafanya nini, anavuta pumzi wapi, nani anasogea kumfuata mwenzie. Usiandike "kaigiza vizuri." Andika "hajapepesa macho mpaka alipomaliza kusema." Kesho yake geuza mpangilio, uanze na yule uliyemmalizia jana, kwa sababu anayetazamwa wa pili hupimwa kwa kipimo cha wa kwanza.

Mimi nilichokiona ni hiki. Amitabh anapunguza. Mwili unatulia, sauti inashuka, na urefu wake wote unabaki pale bila kutumika. Don wake hana haja na wewe mtazamaji. Anaweza kuondoka ukabaki unamwita. Shah Rukh anaongeza. Anatabasamu, anainamisha kichwa, anayavuta maneno kama mtu anayependa ladha yake. Don wake anajua kuwa anatazamwa na anafurahia. Vijana wengi wananiambia tabasamu lile limezidi, kwamba jambazi wa kweli hachekicheki. Mzee mmoja mvuvi, mteja wangu wa siku nyingi, akaniambia kinyume: "Mwanangu, mtu anayecheka huku amekushikia silaha mimi namwogopa zaidi." Nimelibeba neno la mzee huyu, nalo limenisaidia kwenye hatua inayofuata, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote.

Hatua hiyo ni kuuliza: mhusika huyu ni nani hasa katika kila filamu? Jina moja halimaanishi mtu mmoja. Katika filamu ya 1978, Don anakufa kweli. Anayebaki mpaka mwisho ni Vijay, mtu mwema aliyeingia kwenye koti la mtu mbaya. Kwa hiyo kazi ya Amitabh ni kututenganishia watu wawili: Don aliyenyooka kama mlingoti, na Vijay mwenye mwili uliolegea, anayetafuna tambuu na kuongea kishambashamba. Anapocheza Vijay anayejifanya Don, unatakiwa uone hofu ndogo chini ya koti. Itafute, ipo.

Katika filamu ya 2006 mambo yamegeuzwa. Mwishoni tunajua kuwa Don hakufa. Aliyekufa hospitalini ni Vijay, na tangu hapo tuliyekuwa tunamwonea huruma ni Don anayejifanya Vijay anayejifanya Don. Farhan ameichukua hadithi iliyoandikwa na baba yake akaibadilisha mfupa, na Shah Rukh ndiye aliyepewa mzigo wa kutudanganya bila kutuibia. Anatakiwa acheze Vijay ambaye tutamwamini leo, na ambaye tukirudi kumtazama kesho tutamwona Don ndani yake. Hii ni kazi tofauti kabisa na ile ya Amitabh. Anayesema Vijay wa Shah Rukh hana ule ushamba halisi wa Vijay wa Amitabh amesema kweli, lakini ajiulize: kwa nini awe nao? Sehemu kubwa ya filamu, aliyepo pale si Vijay.

Kwa hiyo filamu ya 2006 itazame mara mbili, na mara ya pili nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa tambuu. Amitabh, mwaka 1978, ni Vijay mwenyewe anayecheza akiwa kwenye shida za kufukuzwa, na furaha inamtoka kweli. Shah Rukh, kwenye wimbo uleule, ni Don akicheza uchangamfu wa mtu aliyekwisha kufa. Niliwaonyesha vipande hivyo viwili dada mmoja anayeuza dagaa hapa Mwaloni, ambaye hakuwa ameiona filamu ya 2006 wala hakujua mwisho wake. Akasema: "Huyu wa zamani anatafuna. Huyu mwingine anatuonyesha kwamba anatafuna." Mimi nasema dada yule aliona siri ya filamu nzima kwenye taya. Kuna na sini ya mwishoni, anapomwambia Roma, dada wa yule mchumba wa Kamini aliyeuawa, neno la paka mwitu ambalo Don peke yake ndiye aliyewahi kumwambia. Isimamishe picha hapo, rudisha nyuma kidogo, tazama uso kabla na baada. Na tabasamu lile waliloliona limezidi, sasa lina kazi: ndilo lililokuwa limefichwa muda wote.

Basi kipimo cha haki ni kazi aliyopewa mtu. Amitabh alipewa kutenganisha, Shah Rukh akapewa kuficha. Ukinibana niseme, Don mwenyewe namwachia Amitabh, kwa ule utulivu. Ila ugumu wa kazi nauona zaidi kwa Shah Rukh, na naamini ameutimiza.

Kwa James Bond, wingi wa waigizaji ndio unaochanganya watu, kwa hiyo tafuta nguzo isiyohama. Nguzo hiyo ni Desmond Llewelyn, yule mzee anayempa Bond vifaa. Aliicheza nafasi hiyo kuanzia 1963 mpaka 1999, na alikutana na Sean Connery, George Lazenby, Roger Moore, Timothy Dalton na Pierce Brosnan. Mzee ni yuleyule, na mara nyingi kazi ni ileile ya kueleza kifaa. Kata vipande hivyo, vipange mfululizo, utazame kila Bond anavyomsikiliza mtu mzima anayemkaripia. Nguzo ya pili ni muongozaji Martin Campbell, aliyeongoza filamu ya kwanza ya Brosnan mwaka 1995 na ya kwanza ya Daniel Craig mwaka 2006. Judi Dench naye yumo katika zote mbili kama bosi wao, kwa hiyo zitazame sini anazowasema.

Ipo pia njia ya kidonda. Mwaka 1969 Bond wa Lazenby anaoa, na mkewe anauawa palepale baada ya harusi. Waliofuata wamekirithi kidonda hicho. Moore, mwaka 1977, anakatisha maneno ya mwanamke anayemtajia mkewe. Mwaka 1981 anapeleka maua kaburini. Dalton, mwaka 1989, yuko kwenye harusi ya rafiki yake, bibi harusi anamtania kuwa zamu yake ya kuoa imefika, na uso unambadilika. Yaani mtu mmoja analia msiba mmoja kwa miili tofauti. Mimi Dalton ananishika zaidi, kwa sababu hajitetei.

Ukifanya na wenzako, na nakushauri ufanye na wenzako, weka utaratibu kwamba kila mtu ataje sini na alichokiona kabla ya kutaja anayempenda. Wachague watu wa kazi tofauti. Fundi cherehani huona koti linavyokaa begani pale mwigizaji anapobadilika kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, na mama muuza mboga husikia uongo kwenye sauti kabla yetu sote. Vipande visizidi dakika tano, maana umeme ukikatika katikati mtarudia vyote.

Ukishawamaliza akina Don, mtafute Rajinikanth, aliyekicheza kisa hikihiki kwa Kitamil mwaka 1980 akiitwa Billa. Halafu ingia kwa Devdas: Dilip Kumar mwaka 1955, aliyeongozwa na Bimal Roy, na Shah Rukh tena mwaka 2002 chini ya Sanjay Leela Bhansali. Anza na mwisho, pale Devdas anapofia nje ya lango la Paro, mwanamke aliyempenda tangu utotoni. Maneno ni machache, kwa hiyo hata asiyejua Kihindi ataweza kulijaza daftari lake.